Umekosa tenda ya reli, basi au feri? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kupinga uamuzi wa zabuni nchini Kenya

Maswali haya yanatoka kwa wakandarasi, wauzaji wa vipuri, kampuni za ulinzi na za usafi, na wote wanaoomba kazi katika mashirika ya uchukuzi wa umma: reli, stesheni, barabara za mabasi ya kasi, vivuko. Karibu kila jibu limejengwa juu ya Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015, iliyoanza kutumika tarehe 7 Januari 2016, na kanuni zake za 2020. Sheria hiyo hiyo ndiyo inayotawala zabuni za hospitali na za kaunti, kwa hiyo mengi ya hapa yatamfaa hata asiyeuza kitu kwa reli.

Kama barua ya kukataliwa imekufikia leo, anza na swali la 5. Mengine utayasoma usiku.

## Mambo ya msingi

1. Mimi ni kampuni ndogo. Kweli naweza kulipinga shirika la serikali?

Ndiyo. Kifungu cha 227 cha Katiba ya 2010 kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na wa gharama nafuu. Sheria ya 2015 ikatoa njia ya kuyadai hayo, nayo iko katika kifungu cha 167. Mzabuni aliyepata hasara, au aliye katika hatari ya kupata hasara, kwa sababu shirika limekiuka wajibu wake wa kisheria, anaweza kuomba uamuzi upitiwe upya. Sheria haiulizi kampuni yako ina wafanyakazi wangapi.

Zingatia neno "limekiuka". Kukosa kazi peke yake hakutoshi. Watu wengi huja na uchungu wa kweli, miezi ya maandalizi imepotea, lakini ukiwauliza ni kifungu gani kimevunjwa, wananyamaza. Hapo ndipo kazi yote ilipo, na swali la 12 linaeleza jinsi ya kuifanya.

2. Nani hasa ana haki ya kulalamika?

Mzabuni, yaani aliyewasilisha zabuni. Pia yule aliyechukua hati ya zabuni kufuatia tangazo, hata kama bado hajawasilisha chochote. Huyu wa pili anafaa hasa kwa malalamishi dhidi ya hati yenyewe (tazama swali la 7).

Mkandarasi mdogo aliyeahidiwa sehemu ya kazi na mzabuni mkuu hana nafasi hapa. Vilevile msambazaji ambaye bidhaa zake zilitajwa katika zabuni ya mtu mwingine. Kama kampuni mbili ziliomba kwa kuungana, hakikisha mshirika wako ameridhia kwa maandishi kabla ya kuwasilisha ombi. Swali la nani alimpa nani mamlaka limewahi kuzima malalamishi mazuri kabla hayajasikilizwa.

Na uieleze hasara yako ndani ya ombi. Usifikiri itajulikana tu. Maombi yamekuwa yakitupwa kwa sababu mlalamishi alieleza makosa ya shirika kuanzia mwanzo hadi mwisho, lakini hakuandika hata sentensi moja kuonyesha jinsi makosa hayo yalivyomuumiza yeye.

3. Malalamishi yanapelekwa wapi?

Kwenye Bodi ya Kushughulikia Malalamishi ya Zabuni za Umma, ambayo wengi tunaiita kwa herufi zake, PPARB. Iko Nairobi. Usiichanganye na PPRA, ambayo ni mamlaka ya kusimamia ununuzi wa umma. PPRA hupokea taarifa na kufanya uchunguzi, lakini barua uliyoipeleka kwa PPRA haihesabiwi kuwa ombi la mapitio.

4. Je, ni lazima nianze kwa kuliandikia shirika lenyewe?

Hapana, na ningependa jibu hili lisomwe mara mbili. Unaweza kuandika kuomba ufafanuzi, tena ni vizuri kufanya hivyo. Lakini barua yako kwa mkurugenzi haisimamishi saa. Shirika likikujibu kwa upole kwamba "tunalishughulikia suala lako", siku zako 14 za kuwasilisha ombi kwa Bodi zinaendelea kuyoyoma.

Niliwahi kukaa na mama mmoja mwenye kampuni ya vifaa vya usalama aliyekuwa na faili nadhifu kuliko mawakili wengi ninaowajua. Barua ya kukataliwa, barua yake ya kuuliza, jibu la kumwomba avumilie, barua yake ya pili, jibu la pili. Zote zilikuwa za heshima, zote zimepigwa muhuri wa kupokelewa. Tulipohesabu tarehe kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani, tulikuwa siku ya 17. Hoja yake ilikuwa nzuri sana, na hapakuwa tena na mahali pa kuipeleka.

## Siku 14

5. Siku 14 za kuwasilisha ombi kwa Bodi zinaanza kuhesabiwa lini?

Tangu ulipoarifiwa uamuzi, au tangu ukiukaji unaoulalamikia ulipotokea, katika hatua yoyote ya zabuni. Siku ya kuarifiwa yenyewe haihesabiwi. Ukiarifiwa tarehe 4 Machi, siku ya kwanza ni tarehe 5 na ya mwisho ni tarehe 18. Ni siku za kalenda, kwa hiyo Jumamosi na Jumapili zimo. Siku ya mwisho ikiangukia Jumapili au sikukuu ya taifa, unasogezwa hadi siku inayofuata. Hata hivyo, mtu anayepanga kuwasilisha siku ya mwisho anacheza na mtandao, foleni na benki kwa pamoja.

Lenga siku ya 10. Siku nne zinazobaki ni za kurekebisha kitakachoharibika, na hakuna anayejua mapema kitakuwa nini.

6. Barua ina tarehe ya zamani lakini imenifikia jana. Nihesabu kutoka wapi?

Kutoka ulipoipata, mradi uweze kuthibitisha. Hifadhi bahasha yenye muhuri wa posta. Barua pepe usiifute na usiisambaze tu kwa mwenzako. Ihifadhi ile ya asili, inayoonyesha saa iliyoingia. Ukiipokea mkononi, andika tarehe na saa kwenye nakala wanayobaki nayo. Shirika likidai lilituma siku tisa kabla, mzozo utaamuliwa na karatasi, na wewe ndiwe utakayekuwa nayo.

Kama hukuarifiwa kabisa na umesikia kwa wenzako kwamba kazi imetolewa, usikae ukingoje barua rasmi. Siku uliyojua inaweza kuchukuliwa kuwa ndiyo siku saa ilipoanza kwenda. Liandikie shirika siku hiyo hiyo kudai barua yako, huku ukiandaa ombi.

7. Hati ya zabuni yenyewe imeandikwa kumfaa mtu fulani. Ningoje nione matokeo?

Usingoje. Kama masharti yanadai uzoefu wa aina ambayo ni kampuni moja tu nchini inayo, au vipimo vya mashine vimenakiliwa kutoka katalogi ya mtengenezaji mmoja, ukiukaji uko mbele yako tayari na siku zako zimeanza. Anayenyamaza, akawasilisha zabuni, akakosa, kisha akalalamikia masharti ataulizwa swali moja: uliyasoma lini?

Kwanza omba ufafanuzi kwa maandishi kupitia anwani iliyotajwa kwenye hati. Mara nyingine shirika hurekebisha lenyewe na kuwatumia wazabuni wote nyongeza ya hati. Lakini kumbuka swali la 4.

8. Nimechelewa kwa siku moja tu. Hakuna huruma?

Hakuna. Bodi haina mamlaka ya kuongeza muda huo, na mawakili wa upande wa pili wataanza na hoja hiyo kabla ya salamu. Ukishapita, njia zilizobaki ni zile za swali la 23, kama kuna uhalifu.

## Kuisoma barua ya kukataliwa

9. Barua hiyo inatakiwa kusema nini?

Kifungu cha 87 kinataka walioshindwa waarifiwe wakati mmoja na mshindi. Barua ikutajie aliyeshinda, na ikueleze kwa nini zabuni yako haikufaulu. Kanuni za 2020 zinaongeza bei ya mshindi na sababu ya yeye kuchaguliwa.

Barua inayosema tu "zabuni yako haikukidhi masharti" ni barua mbovu, na ubovu huo ni hoja. Huwezi kujitetea dhidi ya sababu usiyoambiwa. Mara nyingi Bodi imeamuru mashirika yaandike barua upya kwa sababu hiyo. Lakini uwe mkweli na nafsi yako: kuandikiwa barua upya hakukupi kazi. Kunakupa sababu, nayo sababu ndiyo inayokuwezesha kuamua kama kuna vita vya kupigana.

10. Bei yangu ilikuwa ya chini kuliko zote zilizosomwa. Mbona nimekosa?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Siku ya ufunguzi bei husomwa kwa sauti na kila mtu huandika kwenye daftari lake. Mwenye bei ya chini hutoka pale akitabasamu. Lakini bei hutazamwa mwisho. Kwanza kuna ukaguzi wa awali: cheti cha usajili, cheti cha kulipa ushuru, dhamana ya zabuni, fomu zilizotiwa sahihi. Ukikosa kimoja cha lazima, safari imeishia hapo. Kisha tathmini ya kiufundi, ambayo mara nyingi ina alama za chini za kufikia. Waliopita ngazi hizo mbili tu ndio ambao bei zao hulinganishwa. Bei yako inaweza kuwa ya chini kuliko zote na isifunguliwe mjadala hata kidogo.

Chukua mfano wa namba za kurasa. Sheria inataka kila ukurasa wa zabuni uwe na namba kwa mfululizo. Nimeona zabuni ya kurasa zaidi ya 300 iliyofungwa vizuri, jalada gumu, muhuri kila mahali. Katikati, baina ya ukurasa wa 112 na 113, kulikuwa na taarifa ya benki iliyochapishwa pande zote mbili, na upande wa nyuma haukuwa na namba. Kijana aliyekuwa akigonga namba aligeuza karatasi mbili kwa pamoja. Kamati ikaandika "haikukidhi" na kazi ya mamilioni ikaondoka.

Je, hilo linaweza kupingwa? Inategemea. Kifungu cha 79 kinasema zabuni haiharibiwi na tofauti ndogo zisizobadilisha kiini chake. Upande wa pili utajibu kwamba sharti lililoitwa la lazima haliwezi kulegezwa kwa mmoja, maana waliotii wataonewa, na mahakama zimekubaliana na hoja hiyo mara nyingi. Kwa maoni yangu, kosa la namba moja ukiliegemea peke yake ni tegemeo dhaifu. Lakini kama mshindi naye alikuwa na kosa la namna hiyo na akapitishwa, mambo yanabadilika kabisa. Hapo unalalamikia ubaguzi, nao ni mzito.

11. Naweza kuiona zabuni ya aliyeshinda?

Hapana, si yote. Kifungu cha 67 kinalinda siri za zabuni. Shirika hupeleka faili lote kwa Bodi, nayo Bodi hulisoma, lakini wewe kama mlalamishi una haki ya muhtasari wa tathmini na ulinganisho tu. Uombe mara moja, kwa maandishi.

Sasa, onyo. Huwa kuna mtu ndani ya ofisi atakayejitolea kukupa nakala ya ripoti ya tathmini, pengine kwa huruma tu. Usiipokee, na usiiambatishe. Utaulizwa umeipata wapi, itaondolewa kwenye kumbukumbu, na wewe uliyekuja kama mwathiriwa utaondoka ukiwa na kesi ya kujibu. Andika kwamba unaamini kigezo fulani hakikutumika sawasawa, eleza msingi wa imani hiyo kwa mambo yaliyo wazi, kisha iachie Bodi ilifungue faili.

12. Hoja zipi zina nguvu mbele ya Bodi?

Yenye nguvu kuliko zote: kamati ilitumia kigezo ambacho hakimo katika hati ya zabuni. Kifungu cha 80 kinaamuru tathmini ifuate utaratibu na vigezo vilivyoandikwa, basi. Kama hati ilidai "mikataba miwili ya kazi inayofanana" nawe umekataliwa kwa kuwa mikataba yako miwili haikuwa ya reli, weka hati na barua ubavu kwa ubavu na uonyeshe neno lililoongezwa.

Inayofuata: hati uliyoiwasilisha imesemekana haipo. Hapa taja namba ya ukurasa. "Dhamana iko ukurasa wa 46" ni sentensi fupi inayoshinda aya tatu za malalamiko. Nyingine nzuri ni bei kubadilishwa baada ya ufunguzi, kwa kuwa bei iliyosomwa siku ile ndiyo ya mwisho, na ziara ya uhakiki iliyotumiwa kuanza tathmini upya badala ya kuthibitisha sifa za aliyekuwa mbele.

Hoja dhaifu ni "sisi tuna uzoefu zaidi" na "mshindi anajulikana kuwa mtu wao". Ya kwanza ni maoni. Ya pili huenda ikawa kweli, lakini bila ushahidi inaharibu hata hoja zako nzuri.

## Kuandika na kuwasilisha

13. Ombi lenyewe lina nini?

Fomu iliyowekwa na kanuni, maelezo ya ukiukaji, hati ya kiapo ya mtu anayezijua habari zenyewe, na viambatisho. Uwataje afisa mhasibu wa shirika, ambaye kwa sheria hii ni mkuu wa shirika wala si mtu wa vitabu vya hesabu, na mzabuni aliyeshinda. Sheria inawatambua hao wote kuwa wahusika.

Panga hivi: sharti lilisema nini, mimi nilifanya nini, wao walifanya nini, kifungu gani kimevunjwa, nimeumia vipi, ninaomba nini. Kama una hoja nne, ziwe nne. Nimesoma maombi yenye hoja 19 ambapo ile moja nzuri ilikuwa ya 14, imezikwa katikati ya manung'uniko.

Tangu 2020 Bodi imekuwa ikipokea nyaraka kwa njia ya barua pepe na kusikiliza wahusika mtandaoni, jambo lililowasaidia sana walio mbali na Nairobi.

14. Nitalipa kiasi gani? Na je, lazima niwe na wakili?

Kuna ada ya kuwasilisha inayopangwa na kanuni kulingana na thamani ya zabuni. Piga hesabu na masijala ya Bodi kabla ya kufungua faili, na ulipe siku hiyo hiyo. Ombi lililofika ndani ya muda huku ada ikifika nje ya muda ni mlango uliomfungulia mpinzani wako.

Wakili si lazima mbele ya Bodi. Mkurugenzi anaweza kuiwakilisha kampuni yake. Kwa kosa lililo wazi, kama hati iliyosemekana haipo nayo ipo, wengi wamejisimamia vizuri. Kukiwa na swali la mamlaka ya Bodi (swali la 19, 20 na 22), mtafute wakili aliyezoea kazi hii. Mwite siku ya pili, siyo ya kumi na tatu.

15. Nikilalamika, zabuni inasimama?

Inasimama. Bodi ikishapokea ombi, katibu wake huliarifu shirika, na mchakato husitishwa hadi uamuzi utolewe. Huhitaji kuomba amri ya kuuzuia. Shirika nalo lina siku tano za kujibu na kukabidhi faili la siri.

16. Nini hutokea baada ya hapo, na huchukua muda gani?

Bodi inatakiwa kumaliza ndani ya siku 21 tangu ombi lilipowasilishwa. Ni muda mfupi, na unakuathiri wewe pia: jibu la shirika linaweza kukufikia Ijumaa jioni na ukatakiwa kulijibu Jumatatu. Yule aliyetia sahihi hati ya kiapo asisafiri majuma hayo.

17. Nikishinda, nitapewa kazi?

Pengine, lakini usiahidi wafanyakazi wako. Kifungu cha 173 kinaipa Bodi mamlaka mapana: kubatilisha uamuzi wa afisa mhasibu, kumpa maelekezo, kuweka uamuzi wake badala ya ule wa shirika, kuamuru gharama zilipwe, au kuamuru zabuni ianze upya. Katika hali nyingi nilizozifuata, amri imekuwa zabuni yako irudishwe ilipotolewa, itathminiwe pamoja na nyingine, na kamati ifuate hati. Ukifika hapo unaweza kushinda au kukosa tena, safari hii kwa haki.

Kwa hiyo omba mambo kwa ngazi. Ombi kuu, kisha mbadala, kisha mbadala wa mbadala. Bodi haiwezi kukisia unachotaka.

## Ukishindwa mbele ya Bodi

18. Naweza kwenda mahakamani?

Ndiyo, ndani ya siku 14 tangu uamuzi wa Bodi, katika Mahakama Kuu, kwa njia ya mapitio ya kimahakama. Kifungu cha 175 kinaipa mahakama siku 45. Asiyeridhika ana siku saba kwenda Mahakama ya Rufaa, nayo ina siku 45, na uamuzi wake ni wa mwisho.

Mambo mawili huwashangaza watu. La kwanza, mahakama ikipitisha siku hizo bila kuamua, uamuzi wa Bodi ndio unaosimama. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufaa ilishikilia kwamba hukumu iliyotolewa nje ya siku 45 ni batili. Kwa hiyo wakili wako asiombe kuahirishwa hata mara moja bila sababu kubwa. La pili, kufungua kesi peke yake hakuzuii chochote, tofauti na ilivyo mbele ya Bodi. Omba amri ya kusitisha siku ile ile.

## Hali zisizo za kawaida

19. Nasikia wametia sahihi mkataba tayari.

Mkataba uliosainiwa kihalali humwondolea mlalamishi nafasi mbele ya Bodi. Neno zito ni "kihalali". Kifungu cha 135 kinakataza kutia sahihi kabla siku 14 hazijapita tangu wazabuni waarifiwe. Mkataba uliosainiwa siku ya nane hauwezi kukufungia mlango. Wasilisha ombi, taja tarehe zote mbili, na udai mkataba utolewe Bodi iuone.

20. Wamefuta zabuni nzima. Nafanyaje?

Shirika linaweza kufuta zabuni kabla ya kuarifu mshindi, kwa sababu zilizotajwa katika kifungu cha 63: fedha hazitoshi, hakuna zabuni iliyokidhi, bei zimepita soko, na nyingine chache. Linapaswa kuwaarifu wazabuni ndani ya siku 14 pamoja na sababu, na kupeleka ripoti kwa PPRA ndani ya muda huo huo.

Kufuta kulikofuata sheria hakupitiwi na Bodi. Lakini Bodi ndiyo inayoamua kama sheria ilifuatwa. Barua isemayo tu "bajeti haitoshi", bila kielelezo chochote, juma moja baada ya wewe kuongoza katika tathmini, inastahili kuhojiwa. Kunakili maneno ya sheria hakutoshi. Ukweli ulio nyuma yake uonyeshwe.

21. Muda wa uhalali wa zabuni unakaribia kwisha huku tukibishana.

Afisa mhasibu anaweza kuuongeza mara moja, kwa siku zisizozidi 30, kabla haujaisha. Msimamo wa Bodi umekuwa kwamba muda husimama wakati ombi likisikilizwa. Hata hivyo hesabu siku zako na uitaje tarehe ndani ya ombi. Zabuni ikifa kwa muda kwisha, hakuna wa kupewa.

22. Mradi unagharamiwa na mkopo wa nje, au ni wa ubia na kampuni binafsi. Sheria ni ile ile?

Hapa ndipo uchukuzi unapotofautiana na zabuni za madawati. Miradi mikubwa ya reli na barabara mara nyingi huja na mikataba baina ya serikali, na sheria imeacha nje baadhi ya ununuzi wa namna hiyo. Mfano unaojulikana ni reli ya kisasa ya SGR: mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ilisema Shirika la Reli halikufuata sheria ya ununuzi, kisha mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikaona kwamba ununuzi ule, chini ya sheria ya zamani ya 2005, haukubanwa na masharti hayo.

Mradi wa benki ya maendeleo huwa na kanuni za benki hiyo kuhusu malalamishi, na zimeandikwa ndani ya hati ya zabuni. Mradi wa ubia huongozwa na Sheria ya Ubia ya 2021, yenye kamati yake ya malalamiko. Soma kurasa za mwanzo za hati siku unapoichukua, ujue uko chini ya paa gani. Kukosea mlango kunakula siku zilezile 14.

23. Niliombwa hongo. Niiambie Bodi?

Kama hongo iliathiri tathmini na una ushahidi, iweke. Lakini Bodi hupitia ununuzi, haichunguzi uhalifu. Peleka taarifa kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, ambayo haikufungi kwa siku 14. Hifadhi ujumbe wa simu, tarehe na mahali. Na usilipe kwanza ili ulalamike baadaye.

24. Nikilalamika, si wataninyima kazi milele?

Hofu hii siipuuzi, hasa kwa mtu anayeuza kwa shirika moja tu. Ninachoweza kusema ni kwamba ombi lenye adabu, lenye hoja na lisilomtukana mtu, husahaulika haraka kuliko unavyodhani. Kinachokumbukwa ni matusi na tuhuma zisizo na ushahidi. Ombi la kipuuzi, lililofunguliwa ili kuchelewesha tu, Bodi inaweza kulitupa.

25. Mimi ndiye niliyeshinda, na mwenzangu amelalamika. Nikae kimya?

Usikae. Sheria inakutambua kuwa mhusika, na shirika linaweza lisikutetee unavyotaka. Wakati mwingine faili lao lina mapengo ambayo wewe unaweza kuyaziba. Wasilisha jibu lako, onyesha ukurasa kwa ukurasa jinsi ulivyokidhi masharti, na usome hoja za mlalamishi kuhusu hasara na tarehe (maswali ya 2 na 5). Usinunue vifaa wala usiajiri mtu kwa kazi hiyo hadi siku 21 zipite na uamuzi uwe mkononi mwako, kisha ungoje tena zile 14 za mahakama.